Kasi gani, nguvu kiasi gani? Jibu kwa fundi wa vibao wa Tabora

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tabora, natengeneza vibao vya majina na ngao za mahafali kwa mbao ya mninga. Mwezi uliopita nilinunua mashine ya leza ya diodi ya wati 10. Niliona video ya jamaa mmoja anaandika kwenye mbao kwa kasi 100 na nguvu asilimia 60, nami nikaweka hivyo hivyo. Jina moja tu, urefu sentimita 8 na kimo sentimita 2, lilichukua karibu saa tatu, na lilipokwisha halikuwa jina tena, ulikuwa mfereji wa makaa. Baada ya hapo nikaanza kubahatisha, napandisha kasi, nashusha nguvu. Sasa maandishi ni hafifu, na kwenye kibao hicho hicho kushoto kumekolea na kulia kumepauka. Vibao kumi na moja vimekwenda na maji. Naomba unipe namba sahihi za mninga, plaiwudi, ngozi na akriliki.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hivyo vibao kumi na moja. Kwa bei ya mninga siku hizi, hiyo si hasara ya kucheka.

Namba sikupi, na si kwa uchoyo. Zangu zimeandikwa kwa kalamu nene nyuma ya vipande vya mbao vilivyoning'inia ukutani hapa karakana, Dar, na mgeni yeyote anaruhusiwa kuzipiga picha. Shida ni kwamba zimepimwa kwa lenzi yangu, kwa fokasi yangu, yaani kimo cha lenzi juu ya mbao ambapo nukta ya mwanga ni ndogo kuliko zote, kwa mbao niliyochagua mimi sokoni. Ukizivaa wewe zitakubana kwapani. Nitakachokupa ni njia ya kuzipata zako kwa jioni moja, kwa kutumia hivyo hivyo vibao ulivyoharibu. Vigeuze upande wa pili, bado vina kazi.

Kwanza tumalize kesi ya saa tatu, maana jibu lake umelileta mwenyewe bila kujua. Jina lako lina kimo cha milimita 20. Mashine ikipiga mstari mmoja kila milimita 0.1, hiyo ni mistari 200. Kila mstari una urefu wa milimita 80. Zidisha, unapata milimita 16,000, yaani kichwa cha mashine kimetembea mita 16. Kwa kasi ya milimita 100 kwa sekunde, safari hiyo ni sekunde 160, na kidogo juu yake kwa kugeuka kila mwisho wa mstari. Kwa kasi ya milimita 100 kwa dakika, ni dakika 160. Saa mbili na dakika arobaini.

Umeiona? Yule jamaa anahesabu kasi kwa sekunde, programu yako inahesabu kwa dakika. Namba ni moja, kasi zimepishana mara 60. Mninga wako ulikaa chini ya mwanga mara 60 zaidi ya ilivyotakiwa, ndiyo maana ulipata mfereji. Ushukuru haukupata moto. Kati ya programu za kuendeshea leza, LightBurn inakuruhusu kuchagua kipimo kwenye mipangilio yake. LaserGRBL inatumia milimita kwa dakika. Kuanzia hapa kila kasi nitakayotaja ni ya dakika, isipokuwa nikisema vingine.

Kuna mtego wa pili wa aina hiyo, na huo ni wa nguvu. Mashine nyingi za diodi zinaendeshwa na programu ya ndani iitwayo GRBL. Ndani yake kuna mpangilio unaoitwa $30, ambao ndio kilele cha nguvu, mara nyingi 1000. Programu ya kompyuta nayo ina kilele chake. Sasa kama kompyuta inaamini kilele ni 255 na mashine inangojea 1000, ukiomba asilimia 100 unapewa asilimia 25 na ushee. Utazunguka mjini ukisema umeuziwa leza dhaifu, kumbe robo ndiyo uliyoomba. Fungua ile sehemu ya kuandikia amri, andika $$ ubonyeze kitufe cha kuingiza. Mashine itakutajia mipangilio yake yote. Hakikisha namba ya $30 inafanana na ile ya kwenye programu, na $32 iwe 1, maana hiyo ndiyo inayoiambia mashine kwamba imebeba leza.

Na hizo wati 10 zisome vizuri kwenye karatasi iliyokuja na moduli, yaani kile kichwa chenye leza yenyewe. Wapo wauzaji wanaoandika kwenye boksi wati za umeme unaoingia, ambazo ni nyingi, badala ya wati za mwanga unaotoka, ambazo ni chache. Kinachochoma mbao ni mwanga.

Haya, tuje kwenye kibao kilichokolea kushoto na kupauka kulia. Hapo kasi na nguvu hazina kosa, kwa sababu mashine haijui kushoto wala kulia. Kilichobadilika ni umbali kati ya lenzi na mbao. Mwanga unatoka kwenye lenzi ukiwa mpana, unabanana mpaka unakuwa nukta, kisha unatanuka tena, umbo lake kama kiuno cha nyigu. Pale kiunoni nukta ni karibu sehemu ya kumi ya milimita, kwenye moduli nzuri hata chini ya hapo. Ukitoka hapo milimita mbili tu kwenda juu au chini, nguvu ile ile imesambaa kwenye eneo kubwa zaidi, na mbao badala ya kuchomeka inababuka. Weka rula ya chuma juu ya kibao chako, uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Nina hakika utaona upenyo upande mmoja. Ama kibao kimepinda, ama meza ya mashine haiko sawa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni la fokasi, na watu wengi wanaliruka kwa sababu mashine ilikuja na kile kipande cha plastiki cha kupimia kimo. Mimi sikiamini. Chukua kibanzi cha plaiwudi kilichonyooka, urefu milimita 200, upana vidole viwili. Mwisho mmoja ulale mezani, mwisho wa pili uinue milimita 10 kwa kuweka kitu chini yake. Piga alama ya penseli kila milimita 10. Kila alama moja ni nusu milimita ya kimo. Weka kichwa kwenye kimo chako cha kila siku juu ya katikati ya kibanzi, kisha, mashine ikiwa imezimwa, kisukume kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho uone kama hakigongi upande ulioinuka. Kikigonga, punguza mwinuko. Washa, piga mstari mmoja mwepesi kutoka chini kwenda juu, kasi 1500, nguvu asilimia 20 hivi.

Mstari utaanza mnene, rangi ya chai ya maziwa. Taratibu utakonda na kukolea, mpaka mahali fulani uwe mwembamba kama unywele na mweusi, halafu utaanza kunenepa na kupauka tena. Pale ulipokonda kuliko kote, soma alama ya penseli na uhesabu ni alama ngapi kutoka katikati: kila alama kuelekea upande ulioinuka punguza nusu milimita kwenye kimo chako cha kila siku, kuelekea upande wa chini ongeza. Hicho ndicho kimo chako. Kwangu kilipishana na kile kipimo cha plastiki kwa milimita moja na nusu, na nilikuwa nimefanya kazi nacho miezi minne. Kata kibao kidogo chenye unene sawasawa na kimo hicho, andika juu yake kwa herufi kubwa, na cha plastiki wape watoto wachezee.

Jaribio la pili ni nafasi kati ya mstari na mstari. Chora miraba mitano midogo, kasi na nguvu zilingane kwenye yote, nafasi tu ibadilike: milimita 0.06, 0.08, 0.10, 0.12, 0.15. Ipige picha kwa simu kwa karibu kadiri kamera inavyokubali, kisha ivute. Penye nafasi kubwa utaona mbao ikichungulia kati ya mistari kama shamba lililopigwa matuta. Penye nafasi ndogo mistari imepandana, mbao imechomwa mara mbili mahali pamoja, na mraba umezama. Unataka ile ambayo mistari inagusana tu. Wengi wanaishia kati ya 0.08 na 0.10. Halafu fanya jambo moja zaidi: rudia mraba ulioupenda ukiwa umeugeuza nyuzi 90, mistari iende juu na chini badala ya kushoto na kulia. Nukta ya diodi mara nyingi si duara, ni mstatili, na upande mmoja utakupa maandishi makali kuliko mwingine. Hilo ukilijua leo hutalisahau.

Sasa ndiyo tunafika kwenye jedwali lenyewe, na hapa nitakaa.

Jedwali ni miraba 25, mitano kwa mitano. Kwenda kulia nguvu inapanda: asilimia 20, 40, 60, 80, 100. Kwenda juu kasi inapanda: 1000, 2000, 4000, 6000, 8000. Kama mashine yako haifiki 8000, anza na kilele chake ushuke. LightBurn ina zana ya kukutengenezea jedwali hili pamoja na namba pembeni. Kama huna, chora miraba kwa mkono na kila mmoja uupe mipangilio yake, ni kazi ya nusu saa mara moja tu, kisha unahifadhi faili. Kila mraba uwe wa milimita 15, na uache milimita 5 katikati, hivyo kipande cha sentimita 12 kwa 12 kinatosha. Nafasi ya mistari ni ile uliyoipata.

Kwa nini 15, wakati wengine wanaweka 5 waokoe mbao? Kwa sababu kichwa cha mashine kina uzito, hakipati kasi papo hapo. Angalia $120 kwenye ile orodha, ndiyo inayosema kichwa kinaongeza kasi upesi kiasi gani. Ikiwa ni 500, kichwa kinahitaji milimita 10 nzima kufikia kasi ya 6000, na milimita 10 nyingine kusimama. Kwenye mraba wa milimita 5 hakijawahi kuionja hiyo kasi. Umeandika 6000 pembeni, lakini umepima kitu kingine. Hata wa 15 hautoshi peke yake, ingawa unasogea karibu zaidi. Ndiyo maana programu nzuri zina mpangilio wa kukiruhusu kichwa kipitilize mwisho wa mstari, kikimbilie nje na kugeukia nje, leza ikiwa imezima. Uwashe. Na kama programu inakuuliza M3 au M4, chagua M4, ambayo inapunguza nguvu kila kichwa kinapopunguza mwendo. Mraba wenye kingo nyeusi kushoto na kulia na tumbo lililopauka unakuambia mojawapo ya hayo mawili hukulifanya.

Jedwali zima litachukua kama nusu saa. Likiisha, usiliguse kwa mkono. Lipulize, lipige brashi laini kufuata nyuzi za mbao, kisha libebe dirishani.

Kona ya juu kushoto, 8000 kwa asilimia 20, itabidi uinamishe mbao ndipo uone kama kuna kilichopita. Kona ya chini kulia, 1000 kwa asilimia 100, ni shimo lenye majivu ya kijivu, na kingo zake zimebabuka hadi nje ya mraba. Kazi yako iko kati ya hizo kona mbili. Rangi zitapanda hatua kwa hatua: asali, kahawia, chokoleti, kisha nyeusi. Sasa chukua kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, ukibonyeze juu ya kila mraba na kukisugua mara moja. Miraba ya kahawia itaacha alama ndogo. Mahali fulani kitambaa kitaanza kuchukua masizi kama umepangusa sufuria ya kuni. Hapo umevuka. Mraba unaoutaka ni ule wa mwisho kabla ya masizi, na kama iko miwili au mitatu inayofanana, chukua wenye kasi kubwa zaidi. Wateja wa mahafali hawakungoji.

Kuna kitu ndani ya jedwali hilo ambacho hakuna video itakuonyesha vizuri kama macho yako. Tazama mraba wa 1000 kwa asilimia 20, wa 2000 kwa 40, na wa 4000 kwa 80. Kihesabu ni kitu kimoja. Asilimia 20 ya wati 10 ni wati 2. Kasi ya 1000 ni milimita 16.7 kwa sekunde. Ukigawa wati hizo kwa kasi hiyo, kisha kwa nafasi ya 0.1, kila milimita ya mraba imepokea jouli 1.2. Fanya hesabu kwa ile miwili mingine, utapata 1.2 vile vile. Lakini ukiipanga pamoja haifanani. Ule wa polepole umelegea kingoni, kwa sababu joto lilipata muda wa kutambaa kwenda pembeni. Ule wa haraka una kingo kali. Hesabu inakusaidia kujua uanzie wapi tu. Ndiyo sababu nyingine inayonifanya nisikupe namba.

Ukishapata mraba wako, tengeneza jedwali la pili dogo kuuzunguka. Tuseme ulikuwa 4000 kwa 60: pima 3500, 4000, 4500, 5000 kwa nguvu 50, 55, 60, 65, 70. Tofauti zitakuwa ndogo, na pengine utaona huhitaji kuchagua, yote yanafaa. Vizuri, maana yake umesimama kwenye uwanja mpana na siyo ukingoni, na mbao ikibadilika kidogo hutaanguka. Mimi binafsi sipendi kufanya kazi ya kila siku juu ya asilimia 85. Nikihitaji giza zaidi napunguza kasi.

Mraba hauandiki jina, kwa hiyo malizia na herufi. Andika neno lenye e, a na g kwa kimo cha milimita 3, 5 na 8. Matundu ya e na a yakiziba kwenye milimita 3, kataa maandishi madogo hayo kwa wateja, au punguza nguvu kidogo kwa ajili yake peke yake.

Sasa nikuambie kosa langu, maana lilinigharimu zaidi ya vibao kumi na moja. Mwaka wa kwanza nilipata oda ya ngao arobaini za shule moja. Nilipima vizuri, jedwali zuri, kwenye kipande cheupe-cheupe kilichokuwa miguuni pangu. Nikaandika ngao zote arobaini, zikapendeza, nikazipaka vanishi jioni. Asubuhi nakuja, majina hayasomeki mpaka usogeze pua. Nilikuwa nimepima kwenye sehemu ya nje ya gogo, ile ya rangi ya malai, na kuandika kwenye kiini, ambacho ni chekundu-kahawia. Juu ya hilo, vanishi inaikolezea mbao rangi, lakini pale palipoungua tayari ni peusi, hapakolei zaidi. Kwa hiyo mbao inayafuata maandishi, na tofauti kati yao inapungua. Wewe unafanya mninga huo huo, basi fanya majedwali mawili, moja kwenye kiini na moja kwenye sehemu nyeupe, kisha paka nusu ya kila jedwali vanishi unayotumia na usubiri ikauke. Uamuzi ufanye kwenye nusu iliyopakwa. Mara nyingi utajikuta unahama mraba mmoja kuelekea upande wa giza.

Vivyo hivyo kama unabandika teepu ya karatasi kuzuia ule moshi wa kahawia usipake pembeni. Mimi nabandika, na nakushauri ubandike, lakini teepu nayo inakula sehemu ya nguvu. Pima ukiwa umeibandika. Kama una pampu ya hewa, kwa kuandika ipulize kidogo sana, inatosha kuusogeza moshi mbali na lenzi. Hewa kali ni ya kukata. Na tarehe iandike, kwa sababu mbao ya masika ina maji, na kabla haijaungua lazima maji yachemke kwanza. Mninga niliopima Agosti ulikuwa tofauti na ule wa Aprili kwa karibu mraba mzima. Wewe uko bara, hewa ni kavu kuliko huku pwani; labda utapata nafuu.

Hivi vingine ulivyouliza nitavipitia haraka.

Plaiwudi: kwa kuandika, jedwali ni lile lile na haina shida. Kwa kukata, badala ya miraba chora vidude vya mviringo vya milimita 10, nguvu 100, kasi kuanzia 150 hadi 600, hewa kali, kupita mara moja na mara mbili. Ukimaliza inua ubao. Vinavyodondoka vyenyewe vimepita. Vinavyohitaji kidole vihesabu kuwa havijapita. Lakini plaiwudi ya kawaida ya madukani imejaa gundi nyeusi na viraka vya ndani usivyoviona, na leza ikifika hapo inagoma. Jaribio la kona moja halikuhakikishii kona nyingine. Kwa kazi ya kukata, nunua nyembamba yenye tabaka safi au hamia MDF ya milimita 3, uvumilie moshi wake.

Ngozi: ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti inaandikika vizuri sana, kwa nguvu ndogo kuliko mbao, anza jedwali lako kwenye asilimia 10 hadi 40. Iliyotengenezwa kwa kromiamu mimi siigusi, kwa sababu ya moshi wake. Na reksini ya viti usiichome kabisa mpaka ujue ni nini. Nyingi ni PVC, na PVC ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi, kwenye mapafu yako na kwenye vyuma vya mashine. Kuna kipimo cha zamani: nenda nje, upepo ukutoke mgongoni, shika waya wa shaba kwa koleo, uchome mpaka uwe mwekundu, uguse ile plastiki kidogo, kisha urudishe waya kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, rudisha mali dukani.

Akriliki: kama ni ile inayopitisha mwanga kama kioo, hakuna namba itakayokusaidia. Leza yako ni ya buluu, karibu nanomita 450, na rangi hiyo inapita kwenye akriliki kama jua linavyopita dirishani. Itachoma meza yako chini yake. Inayoweza ni leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo mwanga wake ni wa nanomita 10,600. Kwa diodi, nunua akriliki nyeusi, au ipake rangi nyeusi upande mmoja, uandike kwa kuiondoa rangi. Ukija kununua mashine ya kaboni dayoksaidi nitafute kabla hujalipa, maana ile ina maji ya kupoza bomba, na kwenye joto la Februari maji yangu mchana si ya asubuhi. Namba zinahama ndani ya siku moja.

Wakati wa majaribio haya yote, miwani ivae, na iwe inayosema wazi kwamba inazuia nanomita 450; ile ya bure iliyokuja kwenye boksi mimi nisingeikabidhi macho yangu. Mlango wazi, feni ikivuta moshi nje, kitambaa kibichi na chupa ya maji karibu, na usitoke hata kwenda kupokea mteja mlangoni. Ule mfereji wako wa saa tatu, kama ulikwenda kupika wakati huo, usiniambie.

Jedwali likikamilika, geuza upande wa pili uandike kwa kalamu: jina la mbao na sehemu ya gogo, kimo cha fokasi, nafasi ya mistari, hewa, teepu au bila teepu, vanishi gani, tarehe. Toboa tundu, ning'iniza. Mteja akija na swali la rangi, mshushie achague kwa kidole. Hiyo peke yake imeniondolea ugomvi mwingi.

Kisha kila Jumatatu kabla ya kazi, choma mraba mmoja tu wa namba zako kwenye kipande cha plaiwudi ile ile, mmoja kando ya mwingine, wiki kwa wiki. Siku utakayoona wa leo umepauka kuliko wa wiki iliyopita, usiongeze nguvu. Fungua kichwa, futa lenzi kwa pamba na spiriti safi ya aizopropili, ingoje ikauke, choma tena. Mara tisa kati ya kumi rangi inarudi.